UZI: Kumkanda kichanga bila kumuumiza (mise, utosi, kitovu, viungo na chango)

NesiWaZamu, Kigoma

Wakuu wa Kigoma na majirani wa Tabora, salaam. Kwetu kukanda mtoto ni kazi ya kila nyumba yenye mzazi. Maji yakishatengwa, bibi anakaa chini, ananyoosha miguu, kichanga kinalazwa juu ya mapaja yake. Hilo halina ubaya. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, kwenye mapendekezo ya huduma baada ya kujifungua, lilisema mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi na mwenye afya anaweza kukandwa mwili mzima kwa mkono laini, maana huenda kukamsaidia kukua. Shikeni hapo pa "mkono laini". Shida zinazoletwa zahanati nyingi ni za kumfinyanga mtoto: kichwa kiwe duara, pua isimame, miguu isipinde. Mtoto si chungu, haumbwi upya akishazaliwa.

Naanza na maandalizi, wengine mtaongeza.

Muda mzuri ni dakika kama 45 baada ya kunyonya. Ukimkanda tumbo likiwa limejaa atacheua, na akiwa chali maziwa yanaweza kumpalia. Akiwa na njaa hatatulia. Awe macho, macho yametulia, mikono haijakunjwa ngumi. Akigeuza uso pembeni, akikunja uso, akipata kwikwi au akikaza mwili, amekwambia basi. Mfunike, mbebe. Usiseme "atazoea".

Sehemu: mkeka chini, juu yake blanketi, juu yake kitenge safi. Kitandani hapana. Mtoto aliyepakwa mafuta huteleza kama samaki mgebuka aliyetoka ziwani, na godoro lina ukingo. Madirisha ya upande wa upepo yafungwe, hasa asubuhi za Juni na Julai. Ila jamani, msiingize jiko la mkaa chumbani halafu mkafunga mlango. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na kichanga anaipata kabla yenu. Kama chumba kina baridi, mkande vipande vipande: funua miguu, maliza, funika, ndipo ufunue mkono.

Mikono ioshwe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kucha zikatwe, pete na bangili zitolewe. Mafuta ni nusu kijiko cha chai kwa kuanzia, na kijiko kimoja kwa mwili mzima kinatosha. Yamiminwe kwenye kiganja chako, yasugue mpaka yapate joto, ndipo umguse. Usimmiminie mtoto moja kwa moja. Wala chupa usiiweke jikoni. Iweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha jaribu tone kwenye kifundo cha mkono wako.

Nguvu kiasi gani? Fumba jicho, bonyeza ukope kwa kidole kidogo kidogo. Pale unapotaka tu kuanza kuona karaha ndipo mwisho wa nguvu unayoruhusiwa kwa mtoto. Ngozi ikigeuka nyeupe au ikabaki na alama nyekundu ya vidole, umezidisha.


MamaGungu

Asante sana dada nesi. Swali: unaanzia wapi? Nimesikia wengine wanaanza kichwani.


NesiWaZamu

Anza miguuni mama. Huko ndiko mtoto anakubali kuguswa upesi, hashtuki. Shika paja kwa kiganja chote, telezesha mpaka kifundoni, rudia mara 3 au 4. Wayo ukande kwa dole gumba kutoka kisigino kwenda vidoleni. Kisha tumbo, kifua, mikono, mgongo. Uso ndio wa mwisho, kwa vidole visivyo na mafuta.

Kifuani weka viganja viwili katikati, vitandaze kuelekea mabegani kama unafungua kitabu. Usikandamize, mbavu zake ni laini na anapumua kwa tumbo zaidi. Mgongoni tumia vidole kandokando ya uti, kulia na kushoto. Uti wenyewe haubonyezwi. Akiwa kifudifudi mlaze kukingama juu ya mapaja yako, uso umegeukia pembeni, pua unaiona. Akisinzia mgeuze chali palepale, maana kulala kifudifudi kunahusishwa na vifo vya ghafla vya vichanga.

Mara ya kwanza dakika 5 zinatosha. Akizoea, 10 hadi 15. Zaidi ya hapo anapoteza joto tu.


MiseNaMawese, Mwanga

Kwenye mafuta naomba nafasi, maana hapa Kigoma ndipo watu wanapokosea zaidi.

Tuna mafuta mawili ya mchikichi na hayafanani. Mawese yanatoka kwenye nyama ya tunda, ni mekundu. Mise ni kokwa ya ndani. Hugongwa, hukaangwa, husagwa au kutwangwa, kisha huchemshwa na maji mafuta yakaenguliwa juu. Kwa tabia mise yanakaribiana sana na mafuta ya nazi, ndiyo maana asubuhi ya baridi yanaganda kwenye chupa. Kuganda siyo kuharibika. Chukua bonge dogo kama punje ya maharage, sugua viganjani, litayeyuka.

Ubaya wa mise ya kienyeji uko kwenye masalia. Ile nyeusi, yenye harufu kali ya kuungua, imekaangwa kupita kiasi na ina chembechembe chini. Chembe hizo zikisuguliwa kwenye ngozi ya wiki mbili zinakwaruza kama msasa. Ya pili ni maji yaliyobakia. Weka kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto: yakilia na kurusha vitone, maji yamo, na mafuta yenye maji huvunda mapema. Yarudishe kwenye moto mdogo mpaka yatulie, yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa kikakauka, weka kwenye kichupa kidogo cha kutumia kama mwezi. Usichovye vidole ndani. Mimina.

Chupa nayo. Sokoni yanauzwa kwenye chupa zilizokwisha kutumika. Kama kizibo kinanuka mafuta ya taa hata kwa mbali, hayo ni ya sabuni, siyo ya mtoto. Muuzaji mwambie kabisa unataka ya kupaka, wengi watakutolea mengine.

Mawese kwa kichanga siyashauri, na sababu yangu kubwa ni rangi. Yanamwachia ngozi unjano wa chungwa, hasa viganjani, kwenye nyayo na mikunjo. Siku hizohizo za mwanzo ndizo mama anatakiwa aangalie kama mtoto ana manjano! Utaangalia nini na ngozi umeshaipaka rangi?


NesiWaZamu

Hapo kwenye manjano weka mstari, mkuu. Mtoto mchunguzeni mchana, mlangoni penye mwanga wa nje, kabla ya kumpaka chochote. Bonyeza kidogo paji la uso au kifua, achia, angalia rangi ya ngozi kabla damu haijarudi. Tazama na weupe wa macho. Unjano ndani ya saa 24 za kuzaliwa, au ulioshuka mpaka viganjani na nyayoni, ni hospitali siku hiyohiyo. Manjano hayakandwi yakaisha, wala hayatoki kwa kumwanika mtoto juani kibarazani. Hospitali wana taa zake.

Niongeze kuhusu mafuta kwa ujumla. Shirika hilohilo la afya halipendekezi kumpaka mafuta kila siku mtoto mzima aliyetimiza miezi eti kuzuia magonjwa ya ngozi. Mafuta kwenye kukanda kazi yake ni kuzuia msuguano tu. Ule utando mweupe anaozaliwa nao usisuguliwe, unamlinda, utanywea wenyewe. Na kuogeshwa kungoje angalau saa 24.


Mtabora_Asili

Vipi alizeti? Huku kwetu Tabora mise ni ya kuagiza, alizeti ipo kila duka. Na mafuta ya mzeituni wengine wanayasifu.


MiseNaMawese, Mwanga

Kuna utafiti mdogo ulifanyika Manchester, Uingereza, vichanga 115 kwa wiki nne. Waliopakwa mzeituni na waliopakwa alizeti wote ngozi ilipata unyevu, lakini zile tabaka za mafuta asilia zinazoziba ngozi zilichelewa kujipanga kuliko kwa wasiopakwa kitu. Kwa hiyo kwa mwezi wa kwanza, yoyote utakayotumia yawe kidogo, na usipake asubuhi na jioni. Alizeti isiwe iliyokwisha kukaangiwa samaki, nalisema kwa sababu najua jikoni kunavyokuwa. Karanga ziacheni, mtoto mwenye ukurutu anaweza kujengewa mzio kupitia ngozi.

Mafuta yoyote mapya: tone moja ndani ya mkono wake, subiri saa 24. Ukiona wekundu au vipele, yageuze ya kupikia.


NesiWaZamu

Na dawa za kifua za kopo, zile zenye menthol na kafuri, zisiguse kichanga. Menthol karibu na pua inaweza kumfanya abane koo na kukata pumzi ghafla. Kafuri ikipenya ngozini au akiilamba inaleta degedege. Hata naftalini za kabatini zisiwekwe kwenye nguo zake. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD chembe zake za damu hupasuka na manjano hupanda kwa kasi.

Mafuta puani na masikioni hapana, hata tone. La puani linashuka mapafuni na kuleta nimonia isiyotibika kirahisi.


MzeeWaReli

Mnatutisha bure. Sisi tulirushwa juu, tukaning'inizwa kwa miguu, tukavutwa kichwa, na tuko hai tunaandika humu.


ViungoVyaMtoto, fiziotherapia

Shikamoo mzee. Waliodhurika hawako humu kuandika, hapo ndipo hesabu inapokataa.

Tuangalie maumbile. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo haina misuli ya kukizuia. Ukimrusha au ukimtikisa, ubongo unachelewa nyuma ya fuvu, na vile vimishipa vya damu vinavyouunganisha na utando wake vinakatika. Damu inavuja ndani, nje huoni jeraha. Dalili zinakuja baadaye: analegea, anagoma kunyonya, anatapika, degedege. Wengine hupoteza macho. Kumning'iniza kwa miguu kunavuta nyonga, na kumwinua kwa kichwa kunavuta shingo. Havina faida yoyote ya kulinganisha na hiyo hatari.

Sasa viungo, kimoja kimoja.

Nyonga ndiyo inayoonewa zaidi. Bakuli la nyonga ya kichanga bado ni gegedu, na kichwa cha mfupa wa paja kinakaa vizuri miguu ikiwa imekunjwa na kupanuka kama chura. Ukinyoosha miguu yote miwili, ukaibana pamoja na kuikanda ikiwa imefungwa kwa kanga, unakisukuma kile kichwa nje ya bakuli lake. Kwa hiyo miguu ikandwe ikiwa imekunjika, na wakati wa kumfunika aweze kupiga mateke. Kubeba mgongoni kwa mbeleko, miguu imekumbatia kiuno cha mama, kunaisaidia nyonga. Hapo bibi zetu walipatia.

Matege: karibu watoto wote wana miguu ya upinde mpaka wakaribia miaka 2, ni ya kawaida. Ikizidi baada ya hapo, au mguu mmoja tu umepinda, au vifundo vya mikono vimenenepa, pimeni upungufu wa vitamini D. Kukanda hakunyooshi mfupa.

Mikono: usivute kiganja kunyoosha kiwiko, mfupa wa kigasha huchomoka kwenye ukanda wake. Shika sehemu ya juu ya mkono, teleza kwenda chini. Na kabla hujamkanda mtoto aliyezaliwa kwa shida, mkubwa au aliyekwama mabega, tazama kama mikono yote miwili inacheza sawa. Mkono mmoja ukilala tu pembeni, huenda mishipa ya fahamu ya bega iliumia, au mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, umevunjika. Mfupa huo huunga wenyewe kwa wiki chache na kuacha kijinundu. Mnachotakiwa ni kutouvuruga. Apimwe kwanza, kukanda baadaye.


MamaGungu

Na kichwa kikiwa kirefu? Huku mtaani wanakikanda kwa maji ya moto mpaka kirudi.


ViungoVyaMtoto, fiziotherapia

Kinarudi bila kukandwa, mama. Mifupa ya fuvu hupandiana kidogo wakati wa kupita njia ya uzazi, na baada ya siku kadhaa huachana. Uvimbe laini wa utosini siku ya kuzaliwa huondoka kwa siku chache. Ukiwa upande mmoja tu, una mpaka, na uliongezeka siku ya pili, hiyo ni damu iliyokaa chini ya utando wa mfupa. Huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kunywea. Usiukande, usiutumbue, usiweke maji ya moto. Angalieni manjano tu, maana damu ile inapovunjwa huyaongeza.

Utosi wa mbele hufunga kati ya miezi 12 na 18 kwa wengi, wa nyuma kabla ya miezi 2. Kudunda kwake ni kawaida. Ukidumbukia, mtoto amepungukiwa maji. Ukivimba na kukaza akiwa ametulia na amekalishwa, ni dharura. Hakuna dawa ya kubandika hapo inayotibu lolote kati ya hayo.


NesiWaZamu

Tumbo sasa, maana ndiyo sababu ya wengi kukanda.

Kitovu kikiwa hakijadondoka, tumbo liacheni. Kikonyo chake hudondoka kati ya siku 5 na 15. Subirini na pale kidonda kikauke kabisa, kisiwe na majimaji. Mafuta, majivu, mate, kinyesi cha ng'ombe, hakuna kinachopakwa hapo zaidi ya kile mlichopewa kliniki. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu au pana harufu, nendeni.

Kimeshapona? Weka kiganja upande wa kulia wa mtoto, chini karibu na kinena. Panda juu mpaka chini ya mbavu, vuka juu ya kitovu, shuka upande wake wa kushoto. Ndivyo mshale wa saa unavyozunguka na ndivyo utumbo mpana unavyokwenda. Wanaozungusha kinyume wanarudisha hewa ilikotoka. Fanya mizunguko 6 hivi, kisha kunja magoti yote mawili taratibu yaelekee tumboni, hesabu mpaka 5, achia. Hewa inatoka hapo.

Hilo la chango, kilio cha jioni jioni, huanza wiki ya 2 au 3, hukolea karibu wiki ya 6, na kwa wengi huisha miezi 3 au 4. Kukanda kunamtuliza, hakukatishi.

Ila tumbo likiwa gumu kama ngoma, akitapika kijani, au kinyesi kikawa na damu kama jeli, acheni mikono yote. Utumbo unaweza kuwa umejisokota au umeingiana. Maweni au hospitali iliyo karibu, usiku huohuo.


Kibirizi_Boy

Kitovu kilichotokeza kama kifundo, wanaobandika sarafu wanakosea?


NesiWaZamu

Wanakosea. Sarafu inaoza ngozi chini yake. Hicho kwa wengi hujifunga chenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Ila uvimbe wa kinenani au kwenye korodani unaotokea akilia ni ngiri, na ngiri ya kichanga haingojewi wala haisukumwi kwa kukanda. Ni upasuaji.

Kingine kinachofichwa: matiti ya kichanga kuvimba, hata kwa wa kiume, hata yakatoa maziwa. Ni homoni za mama, zitaisha kwa wiki chache. Wanaoyakamua huleta usaha, na jipu la titi la mtoto wa kike linaweza kuharibu ziwa lake la ukubwani. Govi nalo halivutwi nyuma.


Mtabora_Asili

Bibi wa nyumba ndiye anayekanda na hataki kusikia. Unamwambiaje mkwe?


ViungoVyaMtoto, fiziotherapia

Usimwambie aache. Mwache na kazi yake, mpunguzie vipande vitatu tu: kichwa, kurusha, na kuvuta viungo. Nenda naye kliniki siku ya mizani, nesi aseme mbele yake. Neno la mkwe kwa mkwe ni gumu, la nesi linapita. Na wewe kaa pale anapokanda, mpokee chupa, mshikie kanga. Utaona mkono unakokwenda.


NesiWaZamu

Mwisho kwa leo, siku za kutokanda. Njiti na mwenye chini ya kilo 2: kangaruu, kifua kwa kifua, mpaka daktari aruhusu. Mwenye homa, yaani 37.5 na kuendelea, au mwili wa baridi chini ya 36.5. Kwa mikoa yetu homa ni malaria mpaka kipimo kikatae, na kwa aliye chini ya miezi 2 homa yoyote ni kwenda sasa, pamoja na anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea kifua, au anayegoma ziwa. Kuanzia miezi 6 hivi, viganja na nyayo zikivimba zote kwa maumivu, pimeni selimundu kabla hamjasema ni baridi ya kukandwa.

Usaha, upele wa majimaji, mapunye: ruka hapo au acha kabisa.


MamaGungu

Na chanjo? Mwanangu anachomwa wiki ya 6 mapajani.


NesiWaZamu

Siku hiyo na kesho yake paja lililochomwa usiliguse, wala maji ya moto. Sehemu nyingine ruksa kama hana homa na anataka. Ile ya begani kulia aliyochomwa alipozaliwa itatoa kipele wiki 2 hadi 6 baadaye, kitapasuka, kitaacha kovu. Usikikamue, usikipake mise, funika na nguo safi tu. Na ukimaliza kumkanda futa mafuta shingoni, kwapani na kwenye kinena kwa kitambaa kikavu. Maziwa yakikutana na mafuta kwenye mkunjo wa shingo, siku tatu tu pameshakuwa pekundu na panatoa harufu. Ukimwinua, pitisha kitenge chini yake kwanza ndipo ushike.